Re: Jicho baada ya leza, na barua ya kazini

Bint Langoni
Assalamu alaikum jamaa. Nilifanya LASIK, ule upasuaji wa macho kwa leza, huko UK, kliniki wakaniruhusu kusafiri, niko Lamu kwa mama. Juzi nikitembea Shela kusi ilinipiga mchanga usoni. Jicho la kulia sasa jekundu, mwanga unalichoma, naona ukungu. Daktari wa hapa ameandika nisisafiri kurudi. Kazini wanataka fit note, ile barua ya daktari wa UK ya kuthibitisha ugonjwa, barua ya Kenya wanaikataa. SC2, ile fomu ya kujieleza mwenyewe kuwa u mgonjwa, nilishajaza. Kuna aliyekubaliwa barua ya daktari wa nyumbani?

Abu Salma
Pole dada. SC2 ni ya siku 7 za mwanzo tu. Na NHS, huduma ya afya ya serikali huko UK, kwa kawaida hailipii leza ya kuacha miwani. Mimi GP, daktari wa mtaani, alinambia nirudi kwa walionipasua, nao wakanipa miadi ya mwezi wa pili. Usiku kope zilikuwa zikigandana na jicho, nikiamka sithubutu kufumbua mpaka nitie matone.

Mama Rukia
Abu Salma, hakuuliza NHS. Mwanangu, jicho kwanza. Ukavu na taa kuwa na miduara usiku huwapata wengi, hupungua kwa miezi. Wekundu, kuchomwa na mwanga na ukungu kwa pamoja ni jambo jingine: yaweza kuwa maambukizi, au kile kipande cha konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, walichokikata na kukirudisha kimesogea. Usilifikiche. Lionwe na daktari wa macho leo hii.

Kijana wa Malindi
Aongeze matone ya steroidi, mimi yalinituliza.

Mama Rukia
Usimpotoshe mtu! Steroidi hupandisha presha ya jicho, na penye maambukizi huzidisha balaa. Nimefanya kazi wodi ya macho, najua ninalosema.

Bint Langoni
Nimeambiwa niende Mombasa.

Mzee wa Mkomani
Hapo ndipo panaponiuma. Boti hadi Mokowe, basi hadi Garsen, Malindi, ndipo Mombasa. Marehemu mama alipita njia hiyo hiyo na mtoto wa jicho, kashikwa mkono kama kipofu. Bima ya afya ya serikali, NHIF, imekuwa SHA tangu Oktoba 2024, na mgonjwa wetu bado anavushwa maji. Tunaochanga huku nje tuwabane viongozi wa kaunti.

Abu Salma
Mzee, afya ya kaunti na SHA ni vitu viwili.

Mzee wa Mkomani
Kwa mgonjwa aliye gatini ni kitu kimoja.

Bint Langoni
Nakata tiketi ya alfajiri. Na ile barua jamani? HR wa kazini wanataka jibu Jumatatu.

Mama Rukia
Vaa miwani ya jua kwenye boti. Beba chupa zote za matone na karatasi za upasuaji, uwaonyeshe. Ukishaonwa tuandikie.