Nataka kuhamia ICU: nijiandae na nini nikiwa bado wodini?

Muuguzi Mpya
Wakubwa shikamooni. Nina stashahada ya uuguzi na miezi kumi katika wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nia yangu ni ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Wapo wanaosema ningoje miaka miwili, wengine wanasema niombe sasa. Muda upi unafaa, na nianze kujifunza nini? Ventileta, mashine ya kupumulia, sijawahi kuigusa.

Mama Zamu
Marahaba mwanangu. Mwaka mmoja hadi miwili unatosha, ila inategemea unautumiaje. Anza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chati nyingi za wodini kila mgonjwa ana pumzi 20, na hilo linaua watu, maana pumzi hubadilika mapema wakati presha bado ni 120/70. Aliyekuwa na 18 asubuhi akafika 28 jioni, mwite daktari usingoje presha ishuke. Pima mkojo pia: mgonjwa wa kilo 60 asipungue ml 30 kwa saa.

Barua mwandikie muuguzi mkuu wa hospitali, ipitie kwa mfawidhi wa wodi yako. Usimruke. Kama kuna HDU, wodi ya uangalizi wa karibu, omba huko kwanza. Kuhusu masomo, MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, lakini lazima uwe na digrii ya kwanza, kwa hiyo ipange hiyo digrii mapema.

Sirinji50
Mimi nasisitiza hesabu za dawa, ndipo wageni wengi wanapokwama. Chukua noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mg 4, jaza dekstrozi 5% mpaka ml 50. Kila ml ina mikrogramu 80. Daktari akiandika mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, mgonjwa kilo 60: 0.1 × 60 × 60 ni 360 kwa saa, gawa kwa 80, unapata ml 4.5 kwa saa. Rudia kwa uzito tofauti mpaka usihitaji kuuliza.

Soma lebo ya ampuli kwa makini: mg 8 za tartreti (chumvi ya dawa hiyo) ni sawa na mg 4 za noradrenalini yenyewe. Ukichanganya hapo umezidisha au umepunguza dozi mara mbili. Na kwenye mpira unaopitisha noradrenalini usisukume dawa nyingine, kwa sababu utaisukuma iliyomo ndani yake kwa mkupuo na presha itaruka. Kwa kasi ile ya ml 4.5 sirinji ya pampu inaisha baada ya saa 11 hivi, basi andaa nyingine nusu saa kabla.

Bomba Namba 8
Ventileta isikutishe, utafundishwa kitandani. Jua mawili kabla ya kufika. Kwanza, ujazo wa pumzi hupangwa kwa urefu, si kwa kilo za mizani. Mwanaume wa sm 170 anahesabiwa kilo 66 hata akiwa na 95, hivyo kwa ml 6 kwa kilo anapewa kama ml 400.

Pili, kengele ikilia na oksijeni inashuka, usianze kubonyeza vitufe. Ita msaada, mtoe kwenye mashine, mbanie ambubegi (begi la kumpumulia kwa mkono) yenye oksijeni 100%. Akitulia na begi linabanika kirahisi, tatizo ni mashine. Likiwa gumu, pitisha mpira wa sakshoni (wa kunyonya makohozi): usipopita, bomba lake la kupumulia limeziba au analing'ata. Ukipita, sikiliza kifua pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa kimya, huenda bomba limeingia pafu moja au hewa imevuja kifuani. Sakshoni isizidi sekunde 15.

Muuguzi Mpya
Asanteni sana. Sirinji50, kwetu si kila mgonjwa ana mpira wa mshipa mkubwa. Noradrenalini inaruhusiwa kwenye kanula (kamrija ka mshipani) ya mkononi?

Sirinji50
Kwa muda mfupi ndiyo, wakati mpira mkubwa unaandaliwa. Chagua mshipa mzuri kwenye kiwiko au juu yake, si kiganjani, na ukague kila saa. Ngozi ikipauka, ikawa baridi, ikavimba au mgonjwa akalalamika maumivu, dawa inavuja na nyama itakufa. Simamisha hapo, hamishia kanula nyingine mara moja kwa kuwa presha itaanguka, kisha ile ya kwanza usiing'oe: vuta kwa sirinji kilichobaki ndani na umwite daktari. Ndiyo maana kanula ya pili iwe tayari kabla hujawasha pampu.