Mtoto amegoma kukua tumboni: mliopitia, tupeane uzoefu

Mama Njiti: Leo napanga kabati nimekuta kofia ya kwanza ya mwanangu. Inaenea ngumi yangu tu. Wiki ya 30 nesi alinipima tumbo kwa tepu, akarudia, akamwita mwenzake. Sentimita 26. Kumbe baada ya wiki ya 24 sentimita hukaribiana na wiki! Ultrasaundi ikaonyesha kondo la nyuma halimfikishii damu ya kutosha. Wiki ya 32, wakipima damu ya kwenye kamba ya kitovu, daktari akanyamaza. Damu ilikuwa inasimama kila moyo wa mtoto ukipumzika. Nikachomwa sindano mbili za kukomaza mapafu, zimepishana saa 24, halafu kisu. Gramu 1,180. Hakulia, alikoroma kama paka. Usiku huo sukari ilimshuka mara tatu. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, siku 41.

Asiyejali: Mnatishana bure. Mke wangu naye aliambiwa mtoto mdogo, akatoka na kilo 2.6, mzima kabisa. Sisi ukoo mzima wafupi.

Mama Njiti: Kaka, mdogo wa asili si sawa na aliyenyimwa. Wako alikua kwa mstari wake kwenye chati ya ukuaji. Wangu mstari ulilala.

Shangazi: Ule vya watu wawili na ulale kitandani kutwa, atanenepa.

Nesi Mstaafu: Shangazi jamani! Kondo likichoka, sahani mbili hazilizindui, na kulala kutwa hakujaonekana kusaidia. Fuatilieni presha, malaria, upungufu wa damu. Sigara acheni.

Asiyejali: Hapo kwenye sigara mmeanza siasa.

Mama Njiti: Kavutie nje.

Bi Kimya: Wangu alipunguza kucheza Ijumaa, wiki ya 35. Nikasema kliniki ni Jumatatu, nitasubiri. Jumatatu moyo haukusikika. Nguo zake bado zina lebo.

Dada wa Tano: Pole sana mama.

Nesi Mstaafu: Pole, mwanangu. Wengine: akipunguza kucheza nendeni saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Na aliyewahi kupitia haya amwambie daktari mapema kwenye mimba inayofuata. Wapo wanaoandikiwa aspirini ndogo kabla ya wiki ya 16. Msijinunulie.

Asiyejali: Pole Bi Kimya. Sikujua.

Dada wa Tano: Mama Njiti, mwenye kofia yuko wapi sasa?

Mama Njiti: Juu ya mwembe, na nimeshamkataza.