Mgumu wa zamani wa Machame anaomba ushauri: Appalachian, Pacific Crest au Colorado?

Mgumu_Machame (Columbus, Ohio)

Habari za jioni ndugu zangu. Kuna jambo nimelibeba moyoni miaka mingi, na sasa nafasi imepatikana. Naomba ushauri wa waliotembea zile njia ndefu za miguu za Marekani.

Nilikuwa mgumu Kilimanjaro miaka sita, zaidi njia ya Machame. Kwa wasiojua, wagumu ni wapagazi. Tunabeba mahema, majiko, meza, viti na vyakula, kila mmoja kilo zake 20, na mgeni anabeba kibegi chake cha mchana. Kambi ya Barafu nimefika mara nyingi sana. Uhuru nimefika mara mbili tu, kwa sababu kazi ya mgumu inaishia kambini: wageni wakiondoka usiku wa manane kwenda kileleni, sisi tunabaki kulinda mahema.

Jioni moja pale kambi ya Karanga nilikuwa namletea mgeni maji ya kunawa, mama wa makamo kutoka Marekani. Akanisimulia kwamba aliwahi kutembea miezi mitano mfululizo, Georgia mpaka Maine. Nikamuuliza, hema lako alibeba nani? Akasema, mimi mwenyewe. Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Sasa nafanya kazi ya ghala hapa Ohio. Mkataba wangu unaisha 30 Aprili, chuo cha uuguzi naanza Januari, na katikati nataka kurudi kazini angalau Novemba na Desemba. Kwa hiyo nina Mei mpaka katikati ya Oktoba. Akiba yangu ni dola 9,000, na humo kila mwezi natoa 200 za mama kule Machame. Hizo haziguswi hata ninyeshewe na mvua ya mawe.

Appalachian Trail, ndiyo hiyo ya Georgia mpaka Maine, inanivuta kwa sababu ya yule mama. Pacific Crest, ile ya magharibi kutoka mpaka wa Mexico hadi Kanada, picha zake zimenikosesha usingizi. Colorado nimeisikia juzi tu. Ninachotaka ni kuianza njia moja na kuimaliza yote, mwanzo hadi mwisho, mzigo wangu mgongoni mwangu. Naogopa mambo mawili na nitayasema wazi: kukosa maji jangwani California, na kuwa kijana mweusi peke yangu kwenye misitu ya kusini ambako hakuna anayenijua.

Baba_Neema_Denver

Kaka, karibu. Nina miaka kumi na moja Denver, na Colorado Trail nimeitembea yote majira mawili, nusu na nusu, kwa sababu ya kazi. Wewe ndiyo ikufae.

Inaanzia Waterton Canyon, nje kidogo ya Denver, inaishia Durango. Ni kama kilomita 780, wiki tano au sita. Hakuna bahati nasibu ya vibali. Sehemu kubwa uko juu ya mita 3,000 na mahali pengine unapita 4,000, hewa inayowapiga watu wa tambarare siku mbili za mwanzo, lakini wewe umelala Barafu miaka sita. Theluji inachelewa kuondoka, hivyo wengi huanza mwanzoni mwa Julai. Maana yake Mei na Juni yote unaendelea kutafuta hela, unatembea, na Septemba umesharudi kazini. Miezi mitano na nusu bila kipato ni mizito kwa mtu mwenye mama anayemtegemea.

Onyo moja tu: radi. Mwezi Julai na Agosti mawingu hujikusanya mchana karibu kila siku. Mimi nilichelewa mgongoni mwa mlima siku moja, saa saba mchana, nikaona malaika za mikono yangu zimesimama zote na fimbo zangu za chuma zinalia kama nyuki. Nilizitupa nikakimbilia bondeni kwenye miti. Tangu siku hiyo naondoka kambini saa kumi alfajiri, na saa sita mchana nimeshashuka.

Mkisangani_Liège

Mimi nina neno fupi. Mwaka juzi nilitembea Camino ya Ufaransa, njia ya mahujaji kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela huko Uhispania, siku 34. Huhitaji hema wala jiko. Kila jioni kuna nyumba ya mahujaji yenye vitanda vya ghorofa, wanapiga muhuri kwenye kadi yako, unalala. Nilikuwa nimetoka kufiwa na kaka yangu, na njia ile ilinisaidia sana. Ila nimesoma vizuri ulichoandika. Wewe unataka kubeba hema lako mwenyewe. Kule hutalibeba. Iache kwa siku nyingine.

Tende_wa_Njiani (Virginia)

Mwanangu, hujambo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na Appalachian niliimaliza nikiwa na miaka 51. Nimesoma maneno yako mara mbili. Baba Neema amesema kweli kuhusu pesa, lakini wewe hukuuliza njia ya wiki tano. Yule mama wa Karanga hakukuambia wiki tano.

Kwanza Pacific Crest, tuitoe njiani. Vibali vya kuanzia mpaka wa Mexico ni watu 50 kwa siku, na vinagawiwa Novemba na Januari. Sasa ni Februari, tarehe nzuri zimeshakwenda. Kusini mwa California ni zaidi ya kilomita elfu moja za nchi kavu, na kuna vipande vya kilomita 30 na kuendelea bila tone la maji. Hilo wewe ungeliweza, maana waliochota maji Karanga wakayapandisha Barafu wanajua uzito wa lita moja. Lakini umesema unataka kumaliza mwanzo hadi mwisho, na tangu Januari 2025 Kanada imesitisha kile kibali cha kuingia kwao kwa miguu kupitia njia hiyo. Watu wanagusa nguzo ya mpakani kisha wanarudi kilomita kama 50 kutafuta barabara. Si mwisho mbaya, ila ujue.

Sasa Appalachian. Ni zaidi ya kilomita 3,500, majimbo 14, Springer Mountain huko Georgia hadi Katahdin huko Maine. Wengi huanza Georgia mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wewe ukianza Mei huko, utatembea miezi mitano saa ikikukimbiza, maana katikati ya Oktoba Katahdin huweza kufungwa kwa hali ya hewa, na kufukuzana na tarehe ndiko kunakovunja watu magoti. Usifanye hivyo. Fanya nilivyofanya mimi: anzia katikati.

Pana mji mdogo West Virginia unaitwa Harpers Ferry, mito miwili inakutana hapo, na njia inapita humo humo mjini. Kutoka Columbus ni mwendo wa gari wa nusu siku tu, na treni ya kutoka Washington inasimama hapo. Unaanza Mei mosi ukielekea kaskazini. Maryland ni siku tatu, nne, nchi laini ya kuzoesha miguu. Pennsylvania nusu ya kwanza ni raha, nusu ya pili ni mawe yaliyosimama wima kama meno ya msumeno. Mwisho wa Julai au Agosti mwanzoni uko Katahdin. Unapanda basi kurudi Harpers Ferry, unageuka kusini, unatembea Virginia, unamaliza Springer Oktoba majani yakianza kuwa mekundu. Ni hesabu ya kilomita 21 au 22 kwa siku, na siku za kupumzika zimo. Kwa mtu wa Machame haizidi uwezo. Kwanza kilele cha Katahdin ni mita 1,606, kiko chini kuliko geti lenu la Machame! Kitakachokuchosha si urefu wa mlima. Ni kupanda na kushuka kila siku ya Mungu, mara tano, mara sita, kwa miezi.

Ngoja nikueleze kitu kimoja cha Maine. Mto Kennebec ni mpana, na maji huweza kupanda ghafla kwa sababu ya bwawa lililo juu, kwa hiyo hauvukwi kwa miguu. Kuna mtumbwi unaovusha watembeaji bure. Alama ya njia nzima ni mstari mweupe uliopakwa kwenye miti, upana wa vidole vitatu hivi. Nilipoingia mtumbwini nikaweka begi langu, nikatazama chini katikati ya miguu yangu, alama ile nyeupe imepakwa sakafuni mwa mtumbwi. Njia inapita hapo, juu ya maji. Nililia, mwanangu. Nilikuwa nimetembea siku 84 nikiifuata alama hiyo mti hata mti, na kumbe hata mtoni wametuwekea.

Kuhusu rangi yako. Mimi ni mweusi na navaa hijabu, sitakudanganya. Macho yapo. Kuna mji mmoja niliingia kununua chakula, mwenye duka akanifuata rafu kwa rafu mpaka nikalipa. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nje, mikono inatetemeka. Lakini huko njiani hasa, kwenye vile vibanda vya mbao vya kuta tatu tunakolala, nimekuta watu walionigawia mwisho wa gesi yao. Unapoanzia Harpers Ferry mwezi Mei, wako wengi wanaoanza hivyo hivyo, utapata wenzako wiki ya kwanza. Usipande gari la mtu barabarani peke yako. Mpe mtu mmoja wa nyumbani ratiba yako, na kila ufikapo mjini mpigie.

Kinachoumiza watu wengi pia ni kupe. Wale wadogo wa majira ya joto ni wadogo kuliko punje ya ufuta, na wanaleta ugonjwa wa Lyme. Nguo zipulizie permethrin, dawa ya kuua wadudu, kabla hujaondoka, na kila jioni jikague: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio. Na kabla ya kula nawa mikono kwa sabuni. Jeli ya mikono haikingi kile kirusi cha kuharisha kinachozunguka vibandani.

Pesa yako inatosha. Mimi nilitumia dola 6,400, viatu jozi nne humo. Pesa ya mama ya miezi sita itoe leo, iweke akaunti nyingine, usiione.

Mgumu_Machame

Shikamoo mama. Nimesoma nikiwa mapumziko ya saa nane usiku hapa ghalani, ikabidi nisome tena nyumbani. Sikujua kabisa kama mtu anaruhusiwa kuanzia katikati na bado akahesabiwa amemaliza.

Baba Neema nakushukuru, na ya radi nimeyashika.

Mama, chakula je? Mimi mlimani nilikuwa mtu wa ugali na dagaa. Nimefikiria kubeba unga na dagaa wakavu, ni wepesi na wanakaa.

Tende_wa_Njiani (Virginia)

Marahaba mwanangu. Unahesabiwa, ndiyo. Sharti ni njia yote, ndani ya miezi kumi na miwili. Upande ulioanzia si neno.

Dagaa waache. Huko kuna dubu weusi, na harufu ya dagaa inasafiri. Chakula chote, mpaka dawa ya meno, kinaning'inizwa juu ya mti mbali na hema, au kinawekwa kwenye lile kopo gumu la plastiki ambalo dubu hawezi kulifungua. Mimi ningechukua kopo. Ni zito, kilo moja na kidogo, lakini usiku unalala.

Ugali unakula gesi. Nilijaribu mara moja Maryland, sufuria ikaungua chini, juu unga mbichi, na maji ya kuoshea nikayafuata mteremko wa robo saa. Mchele ule uliokwishapikwa ukakaushwa unaiva kwa maji ya moto tu. Beba huo, na dengu, na siagi ya karanga, na samaki wa jodari wa kwenye pakiti laini kwa usiku unaotaka kitoweo. Tende mimi nilibeba kilo moja kila nikitoka mjini, nikawa namgawia kila nikutanaye naye, ndiyo wakanipa jina hili.

Virginia kusini na Tennessee, kabla hujaingia angalia taarifa za njia. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliangusha miti mingi mno, na daraja la mto Nolichucky karibu na Erwin lilichukuliwa na maji. Kule Great Smoky Mountains utalipia kibali dola 40, unalipa mtandaoni.

Mgumu_Machame

Mama, Jumamosi nilinunua begi la mtumba, lita 55, liko imara. Nikalijaza mchele kilo 12 nikatembea nalo mtoni, kilomita 18 kwenda na kurudi.

Jambo la ajabu nimeliona. Miaka yote mzigo wangu ulikuwa kichwani na shingoni, kibegi changu kidogo mgongoni. Hili linakaa kiunoni, mkanda unabeba karibu wote, na shingo iko huru. Mara tatu nilijikuta nainua mkono wa kushoto kushika mzigo juu ya kichwa, na haupo. Nilitazama kando nikaona ndege wa mtoni wamesimama kwenye jiwe, nikasimama nikawatazama mpaka wakaruka. Kule mlimani sikuwahi kugeuza kichwa hivyo nikiwa na mzigo.

Ila mifupa ya nyonga imechubuka pande zote mbili. Mkanda niukaze zaidi, au uwe juu kidogo ya nyonga? Na viatu, kweli ninunue namba kubwa zaidi ya mguu wangu?

Tende_wa_Njiani (Virginia)

Mkanda uikalie mifupa ya nyonga, katikati yake ilale kwenye mfupa wenyewe, usiwe tumboni. Ukaze kwanza, halafu ndipo uvute mikanda ya mabega, nayo isivutwe sana. Viatu ongeza namba moja, maana mguu utavimba na hautarudi. Mimi niliondoka na 39, nikamaliza na 41.