Kupiga picha za umaskini nchi nzima: nianzie wapi?

Mpigapicha_Mgeni: Wakuu, naomba ushauri. Nina mwaka mmoja, kamera moja, lenzi ya mm 35 na ya mm 50. Nataka kuonyesha umaskini wa nchi nzima, mjini na kijijini, ila sitaki niishie na rundo la picha za ombaomba na watoto wenye kamasi. Maeneo nichague vipi, na nipige nini hasa?

Karani: Chagua kwa takwimu, si kwa macho. Chukua ripoti ya sensa au ya matumizi ya kaya, panga mikoa toka iliyo hoi hadi yenye nafuu, kisha beba miwili mitatu kila ngazi. Ukienda kwenye hoi tu, mtazamaji hana cha kulinganisha.

Orodha ya kupiga ipo tayari: kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kinachotumiwa na UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) tangu 2010, kina viashiria 10. Lishe, vifo vya watoto, miaka ya shule, mahudhurio, nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba, mali. Jiko, choo na chanzo cha maji vipige kila kaya, umbali uleule. Vifo havipigiki, viandike. Na angalia kalenda: kijiji kilekile baada ya mavuno na miezi ya njaa ni vijiji viwili.

Shata_Taratibu: Karani kamaliza. Hata Roy Stryker, mkuu wa mradi wa picha wa FSA (shirika la serikali la kusaidia wakulima maskini), Marekani ya miaka ya 1930, aliwapa wapigapicha wake orodha kabla hawajatoka. Ila alikuwa akitoboa negativu za filamu alizozikataa; hapo usimwige. Usifute kitu, weka nakala 3, moja ikae mbali nawe.

Ndani ya nyumba, zima flashi. Mkalishe mtu karibu na mlango, uso uelekee nje: tundu la lenzi f/2.8, kasi ya shata 1/125, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600 hadi 3200, faili ghafi la RAW. Mlango ukiwa nyuma yake kamera inapima mwanga wa nje na uso unakuwa giza. Mgeuze, au ongeza mwanga wa picha kwa +1 kwenye kamera. Na chuchumaa. Picha ya kutokea juu inamdunisha mtu.

Mpigapicha_Mgeni: Asanteni. Na idhini kwa asiyejua kusoma?

Karani: Irekodi kwa sauti, kwa lugha yake: picha itaonekana wapi, na akibadili mawazo akupate vipi. Mtoto, muulize mzazi na mtoto mwenyewe. Usiahidi pesa kabla ya kupiga, maana habari ikienea watu watajipanga waonekane hoi zaidi. Kwenye nakala za kuchapisha, futa data ya GPS inayoonyesha mahali.

Maelezo yaandike palepale: jina, umri, kazi, mahali, tarehe, maneno yake. Mpigapicha Mmarekani Dorothea Lange hakuandika jina la mama wa picha yake maarufu ya 1936. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alitambulika 1978. Jina likiwa hatari kwa mwenyewe, liweke kwenye daftari tofauti na picha, uviunganishe kwa namba.