Bando za WhatsApp pekee: tufuate India, Ulaya au Marekani?

Kondele_Faiba: Wajuzi, kati ya mifumo hii mitatu ya kulazimisha watoa huduma watendee data yote ya intaneti sawa, upi ungekataza bando ya WhatsApp pekee? Na faiba ya nyumbani inayopunguzwa kasi ukivuka kiwango je?

Mlango_Wa_Ruta: India ndiyo kali kwa bei. Februari 2016, TRAI, msimamizi wa mawasiliano huko, ilikataza kutoza data bei tofauti kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Free Basics, mpango wa Facebook wa kufungua tovuti chache bure, ikafa huko papo hapo, na bando yako ingeenda nayo. Kupunguzwa kasi ni kesi nyingine: ikishuka kwa kila kitu sawasawa, na uliambiwa kabla ya kulipa, huo si ubaguzi.

Section58: Ulaya walizunguka kidogo. Kanuni yao ya 2015/2120 ya kutendea data sawa iliacha mwanya kwa bando kama hizi, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikauziba. Telenor ya Hungaria iliuza MyChat: GB 1, ikiisha Facebook na WhatsApp zinaendelea kama kawaida, mengine yanazuiwa au kukokota. Septemba 2020 mahakama ikasema hapana.

Lanet_Juu: Marekani msiiige, ni pembea. FCC, msimamizi wa mawasiliano wa huko, iliweka sheria za kutobagua data 2015, ikazifuta 2017, ikazirudisha 2024. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Ugomvi wote ni kama intaneti ni huduma ya mawasiliano, kama simu, ambayo FCC inaweza kuibana, au ya habari, ambayo haiwezi. Bunge halikuumaliza, basi kila serikali inakuja na jibu lake. California angalau ina sheria yake tangu 2018.

Kondele_Faiba: Na nikishuku video zangu tu ndizo zinabanwa?

Mlango_Wa_Ruta: Chomeka kompyuta kwa ruta kwa kebo, wifi itakudanganya. Saa tatu usiku pima kwa Speedtest, kisha fast.com, ambayo hupima kutoka seva za Netflix. Washa VPN, ambayo humficha mtoa huduma unachotazama, rudia fast.com. Zote zikiwa chini, huo ni msongamano. Linganisha na saa kumi alfajiri. Fast.com ikiwa chini peke yake, halafu ipande ukiwasha VPN, hapo kuna jambo.

Section58: Jambo, si ushahidi kamili. VPN hubadilisha njia ya data pia, kwa hiyo huenda ni kiungo kimoja kilichojaa. Pima siku saba, hifadhi picha za skrini. Lalamika kwa mtoa huduma kwanza upate namba ya malalamiko, ndipo uende Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukiruka hatua hiyo watakurudisha.