Ile marufuku ya ngozi za punda, huko kwenu inafanya kazi?

kidole_dom:
Wakuu habari za jioni. Mnaopenda tamthilia za kichina, zile za wake za mfalme na fitina za ikulu, mtakuwa mmewahi kuona wanakunywa dawa inaitwa ejiao. Ile inachemshwa kutoka ngozi ya punda, na kuna tamthilia moja ya 2011 inatajwa sana kwamba ndo iliwafanya watu kule China waitafute zaidi, punda wao wakapungua wakaja kununua Afrika. Sisi tulikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, serikali ikapiga marufuku, halafu Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika (AU) wakakubaliana kule Addis Ababa kuzuia hiyo biashara bara zima kwa miaka 15. Swali langu, huko mliko mnaona tofauti? Maana kwenye kampeni nasikia ng'ombe, nasikia korosho, nasikia samaki, punda simsikii kabisa na inaniuma.

MtuWaNaks:
Huku Kenya tuliumia mapema. Machinjio zilianza kufunguliwa 2016, Mogotio, Naivasha, Machakos, hadi Turkana, na wizi ukaanza. Unaamka unapata kamba imekatwa, ukifuata alama unapata mzoga kichakani umechunwa, nyama yote imeachwa hapo, ngozi tu ndio imeenda. Wenye punda wakaandamana, waziri Munya akapiga marufuku Februari 2020, mwaka uliofuata korti ikaifuta. Ndio maana mimi naunga mkono hii ya AU, nchi moja ikifunga peke yake punda wanavushwa mpaka usiku na hakuna wa kuuliza.

Bwana Shamba:
Mi naona punda ni mali ya mtu, akitaka kuuza auze. Mbuzi tunachinja kila siku hakuna anayelia.

mama_wawili_SHY:
Kaka Bwana Shamba, mbuzi anazaa mapacha na baada ya miezi mitano tu ya mimba, punda anabeba mimba mwaka mzima au zaidi na anazaa mmoja, sasa wakichinjwa kwa kasi ya kiwandani unawapata wapi wengine? Halafu angalia nani anaumia. Huku kwetu punda mmoja anabeba madumu manne ya lita 20, akiondoka huyo punda yale madumu hayapotei, yanahamia kichwani kwa mama na binti yake, na binti anachelewa shule. Mwenye kuuza mara nyingi ni baba, anayechota maji hakuulizwa. Hilo ndilo ningependa mbunge wetu asimame alisemee.

Pwani_Lamu:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi Lamu mitaa ni myembamba, gari haipiti, saruji, mchanga, mizigo ya dukani yote ni punda. Wakati wa Maulidi kuna mashindano ya mbio za punda na mji mzima hutoka kutazama, na kuna kituo cha kuwatibu tangu 1987. Lakini nasema kweli, kuzuia kuchinjwa ni nusu ya kazi. Punda anapigwa, anabebeshwa mawe na kidonda mgongoni kibichi, mwenyewe anapaka oili chafu ya injini akidhani ni dawa, na kesho yake tandiko ni lile lile juu ya kidonda. Mwacheni apone kwanza, na mumuwekee gunia laini chini ya tandiko.

kidole_dom:
Shukrani sana wote, hasa mama wawili na ndugu wa Lamu. Hiyo oili chafu hata huku ipo sana. Sasa nauliza kwa wanaojua, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nikimuona mtu anampiga punda mwenye kidonda njiani naanzia kwa afisa mifugo wa kata au polisi moja kwa moja?

mama_wawili_SHY:
Anza na afisa mifugo, nenda na picha ya kidonda, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Akikuzungusha ndo uende polisi.