Kuchagua mahali pa kutafuta dhahabu ya mtoni katika vijito vya Chunya

Mgeni wa Lupa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu tumeelewana na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji wilayani Chunya atuachie sehemu ya eneo lake inayopitiwa na kijito cha msimu kinachoshuka kuelekea mto Lupa. Mashine hatuna, tuna sululu, majembe, makarai na pampu ndogo ya maji. Kijito ni kirefu, na hatuwezi kuchimba kila mahali kabla kiangazi hakijamaliza maji ya kuoshea. Naomba mwenye uzoefu anieleze tuanze kuangalia nini tunapochagua mahali pa kuchimba. Pia kando ya kijito kuna mashimo ya zamani yaliyoota miti: je, tuyafuate au tuyaepuke?

Mpima Miamba amejibu:

Ndugu, anza na uzito, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu mtoni. Dhahabu halisi ina uzito wa mara 19 hivi ya maji ya ujazo uleule, ilhali mawe meupe ya kwatzi, ambayo ndiyo mengi katika kokoto za huko, hayafiki hata mara tatu. Maji ya kila siku hayaisogezi. Huisogeza mafuriko, na mafuriko yanapopungua nguvu, dhahabu ndiyo ya kwanza kutua. Kwa hiyo tembea kijito chote ukijiuliza ni wapi maji ya masika, yakiwa yamejaa, hulazimika kupunguza mwendo: upande wa ndani wa kona, chini kidogo ya maporomoko, nyuma ya jabali kubwa, mahali bonde jembamba linapofunguka, na pale kijito kidogo kinapoingia katika kikubwa.

Baada ya hapo fikiria kina. Chembe zinazoonekana juu ya mchanga wa kona mara nyingi ni ndogo mno, zimeletwa na mafuriko ya karibuni, na zimewapotezea wengi nguvu zao. Dhahabu ya maana huzama hadi kwenye mwamba, na mwamba wenye nyufa zinazokata mkondo huikamata vizuri kuliko ule uliolainishwa na maji. Ukifika kwenye mwamba usiishie hapo: kwangua nyufa, toa udongo wote uliomo, kisha uoshe. Wakati mwingine tabaka la mfinyanzi mgumu hushika dhahabu kabla haijafika chini, kwa hiyo osha pia kokoto zilizolala juu ya mfinyanzi huo.

Mzee wa Karai amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila macho peke yake hayatoshi. Karai ndilo linaloamua. Chimbeni mashimo madogo ya majaribio kwa kufuatana, mkianzia chini ya eneo mkipanda juu, na katika kila shimo osheni idadi ileile ya makarai yaliyojazwa kwa kipimo kimoja. Hesabuni chembe na mziandike daftarini pamoja na kina zilikopatikana, kwa maana bila kipimo kimoja hamtaweza kulinganisha shimo na shimo, na mabishano kati yenu hayatakwisha. Mchanga mweusi ukibaki chini ya karai ni dalili kwamba mahali hapo hukusanya vitu vizito, lakini haithibitishi kuwa dhahabu ipo.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kuifuata dhahabu mkipanda kijito. Chembe zikiongezeka kadiri mnavyopanda, kisha zikakoma ghafla, rudini pale zilipokomea mkapime kingo zote mbili na kila kikorongo kinachoingia hapo, kwa sababu huenda chanzo kiko mlimani kando yenu. Tazameni na umbo la chembe: zenye ncha kali, au zilizong'ang'ania kipande cha kwatzi, hazijasafiri mbali, na zile zilizopondeka na kulainika zimetoka mbali zaidi.

Vilevile msidanganywe na ulanga. Hung'aa juani, ukiukinga kwa kivuli hufifia, na ukiubana kwa ncha ya kisu huvunjika vipande; dhahabu hubaki na rangi yake kivulini na hukubali kubonyea.

Mkazi wa Makongolosi amejibu:

Kuhusu mashimo ya zamani, usiyadharau. Dhahabu ya mtoni ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na waliotangulia walifuata palipolipa. Mashimo yao ni ushahidi kwamba dhahabu ilikuwepo, lakini kifusi chao kimeshaoshwa. Mimi ningepima kokoto ambazo hazijaguswa katikati ya mashimo hayo, kisha ningepanda ukingoni kutafuta kokoto za mviringo zilizo juu kuliko maji ya leo: hapo mto ulipita zamani kabla haujakata bonde lake chini zaidi, na mara nyingi wachimbaji wa kwanza waliziacha kwa kukosa maji ya kuoshea. Ninyi mna pampu.

Kabla ya yote, wekeni makubaliano yenu na mwenye leseni kwa maandishi na mpite ofisi ya madini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira, kwa hiyo ulizeni mapema mnaruhusiwa kufanya nini na wapi. Zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, msiiguse: chembe za majaribio zinaonekana kwa karai na subira, na maji ya kijito hicho hunywewa na watu na ng'ombe walio chini yenu.

Mgeni wa Lupa:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Tutaanza na mashimo ya majaribio kwenye makutano ya vijito viwili, kisha tupande. Swali la mwisho: mwamba ukiwa chini kuliko kimo cha mtu, tuendelee?

Mzee wa Karai:

Kwenye kokoto zilizolegea, hapana, isipokuwa mmepanua mdomo wa shimo na kulaza kuta zake, na kifusi mmekirundika mbali na ukingo. Kokoto zenye maji huporomoka bila kutoa dalili. Sogeeni juu ya mkondo mpaka mahali mwamba unapochomoza, mpime hapo kwanza.